Barua ya wazi kwa Meya wa Jinja: wapangaji wa Main Street wako barazani

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka mtaa wa Walukuba. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotulea sisi watoto wa viwandani. Baba zetu waliitwa na kazi: wengine kiwanda cha nguo cha Nytil, wengine kiwanda cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, wengine bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954. Huyu Msamia, yule Mjaluo, jirani Mlugbara, na foleni ya bomba la maji ilihitaji lugha moja ya kugombania. Kwa hiyo utaniwia radhi nikisema bila kuzunguka, ndivyo tulivyozoea huku.

Jambo lenyewe ni maduka ya Main Street.

Kwanza haki itendeke. Jinja ilikuwa moja ya manispaa 14 zilizoingia katika USMID, mradi wa miundombinu ya miji, mwaka 2013, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na tangu hapo tumeona lami, mifereji, taa za barabarani na njia za waenda kwa miguu. Julai 2020 tukapanda daraja, tukawa jiji. Aliyewahi kuvuka mitaa yetu wakati wa mvua miaka ile, viatu mkononi, hawezi kuibeza kazi hiyo. Ila wengi tuliamini kwamba barabara ikishapendeza, maduka yatajileta yenyewe. Hayakujileta.

Benki utazikuta. Maduka ya simu utayakuta, ya vifaa vya ujenzi pia, na mikahawa ya wageni wanaokuja kuteremka Nile kwa maboti ya mpira, ambako kikombe kimoja cha kahawa kinauzwa bei ya chakula changu cha mchana. Lakini katikati yake kuna milango ya mbao yenye kufuli lililoshika kutu. Na mahitaji ya nyumba zetu, yaani yunifomu ya mtoto, kitambaa cha gomesi, sufuria za harusi, mtu anayapandia taksi hadi Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, kilomita 80, akirudi na mzigo mapajani.

Kwenye mazungumzo ya wafanyabiashara, dawa inayotajwa haraka ni mwekezaji mkubwa. Tafuteni supamaketi yenye jina, wanasema, watu watafuata. Nakuomba usiiamini sana dawa hiyo. Supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda mwaka 2015. Nakumatt nayo ikafuata. Zote mbili ziliacha wasambazaji wakidai fedha zao. Shoprite ikatangaza kuondoka mwaka 2021. Hizo zilikuwa kampuni zenye mitaji ambayo mimi na wewe hatuwezi kuihesabu, na bado zilishindwa. Mtaa uliojipanga kuuzunguka mlango mmoja mkubwa, mlango huo ukifungwa, hata muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa pembeni anakunja meza yake.

Mtu wa nje akipita Main Street atasema penye miti hapana wajenzi. Mimi nasema wajenzi wapo, wamekaa chini ya hiyo miti. Tazama baraza za maduka yale ya zamani, pale kwenye nguzo.

Yupo fundi cherehani mmoja ninayemfahamu, jina nalihifadhi. Cherehani yake ni ya miguu, imewekwa upande wenye mwanga, na chini yake kuna boksi la zipu, vifungo na vipande vya vitambaa vya yunifomu vilivyopangwa kwa rangi za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi wanasimama foleni mpaka kwenye mfereji. Jioni anaibeba cherehani pamoja na kijana mmoja, wanailaza kwenye duka la jirani anayemtoza kidogo kwa wiki. Mgongoni pake, siku zote, pana mlango uliofungwa. Aliuliza bei ya chumba kile. Wakala akamwambia kinakodishwa kizima: chumba cha mbele, stoo ya nyuma, na ua. Pango la miezi sita mkononi, na juu yake kilemba, fedha ya kupewa ufunguo. Mita ya umeme nayo ina deni la aliyehama, atalimaliza yeye. Fundi akarudi kwenye kigoda chake. Aliniambia, "Kaka, mimi nataka pa kuweka meza, wao wananipa pa kuegesha lori."

Nimelifikiria sana neno lake, kwa sababu linafungua fumbo lote. Maduka yale hayakujengwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Ni ya enzi ya pamba, reli ya Jinja hadi Namasagali ilipoanza mwaka 1912 na mizigo ikawa inapita hapa kuelekea ziwani. Familia ya Kihindi iliuza mbele, ikaweka magunia katikati, ikapika na kulala nyuma. Nenda uinue macho juu ya nguzo utaona majina na miaka iliyochongwa kwenye plasta. Upana wa mbele ni mdogo, kina ni kirefu ajabu. Leo hakuna anayelala nyuma ya duka lake, lakini pango bado linadaiwa kwa kina chote.

Kisha kuna suala la mwenyewe ni nani. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na majengo yakaingia mikononi mwa bodi ya msimamizi wa mali zao. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuwarudishia, na kazi yenyewe ikachukua miaka mingi baadaye. Wapo waliorudi, na wanafanya biashara nzuri. Wapo waliochukua hati wakabaki London, Leicester au Toronto, funguo zikabaki kwa wakala. Wapo pia wanaogombania nyumba moja mahakamani, kila upande na karatasi zake. Katika hali hiyo nani atatengeneza paa? Mwenye nyumba haoni linavyovuja. Wakala analipwa kwa kukusanya, hatumwi kukarabati. Mpangaji aliyepewa makubaliano ya mdomo, ambaye anaweza kuambiwa ahame mwezi ujao, hapaki hata rangi.

Tuna Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, na ni sheria nzuri kwa aliyekwisha kuingia ndani: pango halipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa fundi wa barazani haijasaidia kitu. Inambana mwenye nyumba asipandishe, haimlazimishi kufungua mlango.

Sasa linganisha na Kampala ya chini, kwenye biashara za watu wa kawaida. Watu wanasema kule kumejaa kwa sababu ndiyo Kampala. Ingia kwenye zile akedi zao, majengo ya vijiduka vingi, utazame jinsi zilivyokatwakatwa: lokapu moja, yaani kijiduka cha kufunga kwa kufuli, inamtosha mtu mmoja na rafu zake, mteja anasimama nje. Msichana anaanza na chaja na kava za simu, akipata nguvu anachukua lokapu ya pili. Biashara inakua kwa hatua ambazo mfuko unazimudu. Huku kwetu hatua ya kwanza ni ua mzima wa mfanyabiashara wa pamba.

Ombi langu kubwa, Mheshimiwa, ni hilo: maduka marefu yagawanywe. Simaanishi yabomolewe. Sura ya mbele, nguzo na yale majina ya plasta yabaki, maana ndiyo yanayomfanya mgeni apige picha, na jengo la vioo analo kila mahali. Lakini ndani, kina kile kirefu kinaweza kutoa lokapu nne au tano zenye ujia katikati, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwenye kichochoro, na ua ukawa mahali pa mama wa chakula. Wahandisi wa jiji wachore michoro miwili mitatu ya mfano, iidhinishwe mara moja, mwenye jengo achague bila kuzunguka ofisi kwa ofisi. Anayegawanya apewe nafuu fulani. Anayefunga duka miaka na miaka akingoja bei ipande asiachwe kustarehe. Waulize wanasheria wako Sheria ya Kodi ya Majengo ya mwaka 2005 inawaruhusu kumbana mpaka wapi.

Kwa majengo ambayo mwenyewe yuko ng'ambo, nina wazo ambalo wengine wataliona kubwa. Jiji lenyewe likodi, kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu minne, kisha liwapangishe wadogo kwa mwezi. Mwenye nyumba aliye Leicester hatamwamini fundi asiyemjua, lakini jiji lina anwani. Anzeni na jengo moja tu lisilo na kesi. Likifa, mtakuwa mmepoteza jengo moja.

Hapa lazima niseme la wenye maduka waliopo, maana najua watakuja ofisini kwako kabla wino huu haujakauka. Wana hoja. Wanalipa leseni na pango, halafu mchuuzi anakaa mlangoni mwao na bidhaa ileile kwa bei pungufu, na hata njia ya kupita hakuna. Wangependa baraza zisafishwe, kama Kampala walivyowaondoa wachuuzi barabarani mwaka 2022. Ninachokuomba ni utaratibu: kwanza milango ifunguliwe, halafu baraza zisafishwe. Ukianza na kusafisha, fundi wangu hataingia dukani. Atahamia Walukuba au Mpumudde kwenye kibanda cha mabati, na wale wazazi wa yunifomu watamfuata huko, na Main Street itakuwa imepoteza pia wateja waliokuwa wanamjia yeye wakanunua na sukari kwa jirani.

Kuhusu miguu ya watu, somo tunalo hapahapa. Soko letu kuu lilijengwa upya kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, katika mpango uleule uliojenga masoko ya Wandegeya, Mpanga, Mbale, Lira, Gulu na Hoima. Jengo zuri. Lakini mama aliyebeba mkungu wa matoke hapandi ngazi kutafuta nyanya, na muuza nyanya akishalijua hilo anashuka kando ya barabara. Bidhaa ya kila siku inataka kukutwa njiani. Ya mara moja kwa mwezi, kama nguo na urembo, ndiyo mtu anaipandia ghorofa. Anayegawa vyumba bila kuuliza nani anabeba nini atajaza chini na kuacha juu wazi.

Njia kuu nayo imetuacha pembeni. Tangu daraja jipya la Nile lifunguliwe Oktoba 2018, basi la Mbale linavuka kwa madaha likaenda zake Iganga, abiria akiuona mji wetu dirishani. Abiria huyohuyo kule nyuma, Namawojjolo, njiani kutoka Kampala, amenunua kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, kwa watu wasio na hata ukuta, kwa sababu gari limesimama. Siwezi kukuambia uhamishe barabara kuu. Lakini steji za taksi na bodaboda za ndani ya mji ziko chini ya jiji. Zikipangwa abiria wa Walukuba, Masese na Bugembe washukie mwisho mmoja wa Main Street na kupandia mwisho wa pili, wataitembea yote kila siku bila kushawishiwa na mtu, na jioni watapita na mshahara mfukoni.

La leseni nitalipitia haraka. Anayeanza Septemba asidaiwe kama aliyeanza Januari. Mwaka wa kwanza alipe kwa awamu. Mkishampokea kwa faini, hatarudi kujiandikisha.

Nasikia watu wakisema vijana wa Jinja hawataki biashara, wanataka bodaboda na kubeti. Sikubaliani. Kijana anaweza kupata bodaboda kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila wiki. Hakuna aliyewahi kumpa duka kwa masharti hayo.

Kama utapenda, tuma mtu wa idara ya biashara apite barazani asubuhi moja na daftari, aandike tatu tu: unauza nini, unaweza kulipa pango kiasi gani kwa mwezi, unahitaji nafasi ya ukubwa gani. Ataondoka na orodha ya wapangaji ambayo hakuna wakala wa majengo Jinja aliyewahi kuwa nayo. Kisha waite mawakala, uiweke mezani, uwaulize nani yuko tayari kugawanya.

Wako katika ujenzi wa mji,

Muuza vitambaa, Walukuba

Nyongeza. Nilisahau choo. Mwanamke anayeuza kutwa Main Street anaomba choo kwenye mkahawa, na ili apewe ufunguo inabidi anunue soda. Hizo soda kwa mwezi zinakaribia pango la lokapu. Choo cha umma chenye maji na mtunzaji, kwa ada ndogo, kitawabakiza watu mtaani mpaka jioni, na mjenzi wake hahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.