Siri ya jeshi isiwe kichaka cha wapigaji

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule ndugu aliyeandika hapa hapa kwenye ukurasa wa barua kwamba manunuzi ya jeshi hayatuhusu sisi raia na kwamba anayeuliza uliza bei za vifaa vya ulinzi sio mzalendo. Mara ya kwanza nilicheka nikaweka gazeti pembeni, baadae nikaona hapana, hii hoja ikiachwa hivi hivi watu watazidi kuiamini, na huku kwetu wanaoiamini ni wengi tu.

Kwanza kuhusu uzalendo tusifundishane. Mimi nauza nafaka pale Mwanga, Kigoma mjini. Huku mwisho wa reli hatujasimuliwa maana ya mpaka, kambi ya Nyarugusu ipo pale Kasulu tangu 1996 na wengi wa waliokuja mwanzo walivuka ziwa wakikimbia Congo, nchi ambayo jeshi lake miaka na miaka lilikuwa na askari hewa, mshahara unatoka makao makuu haufiki porini na askari wa kweli anageuka kumpora mwanakijiji ili ale. Vijana wetu wanapita kambi za JKT za Bulombora na Mtabila, wengine wanaenda kujiunga na jeshi lenyewe, na Desemba 2017 wakati askari wetu wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa kule Semuliki mashariki ya Congo, msiba ule huku tuliuona ni wa kwetu kabisa. Sisemi vifaa vyao vilikuwa vibovu, sina ushahidi wa hilo na siwezi kusema. Nasema mtu anayevaa ile helmeti ana haki ya kujua kwamba aliyeinunua alikuwa anafikiria kichwa chake, hakuwa anafikiria cha juu.

Sasa twende kwenye rada maana huyo ndugu hakuigusa kabisa, nashangaa aliirukaje.

Mwaka 1999 serikali yetu ilisaini mkataba wa kununua rada ya Watchman kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, kama dola milioni 40 hivi, tena kwa mkopo wa benki ya Barclays. Nchi ilikuwa kwenye foleni ya kuomba kufutiwa madeni halafu inakopa kununua rada! Benki ya Dunia ilipinga, shirika la kimataifa la usafiri wa anga likasema ni ghali mno na kwa kuongozea ndege za kiraia haifai kivile maana imekaa kijeshi zaidi, na hata ndani ya serikali ya Uingereza ya waziri mkuu Blair waligombana, mama Clare Short aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa akapinga waziwazi lakini kibali cha kuiuza nje kikatoka hivyo hivyo. Huku nyumbani ukiuliza unaambiwa hii ina mambo ya ulinzi ndani yake. Basi, mjadala umeisha, nani tena atafungua mdomo.

Miaka ikapita ndio wapelelezi wa Uingereza na gazeti la huko huko wakafukua kwamba wakala wa biashara hiyo, Sailesh Vithlani, alilipwa dola kama milioni 12.4. Piga hesabu, hiyo ni karibu theluthi nzima ya bei ya rada! Na karibu hela yote ilipitishwa kwenye kampuni ya pembeni iliyosajiliwa visiwani huko ili isionekane imetoka wapi. Desemba 2010 BAE ikakiri mahakamani London, lakini hawakukiri rushwa, walikiri kutotunza vizuri hesabu zao tu, wakapigwa faini ya pauni laki 5. Jaji Bean mwenyewe alishangaa, akasema itakuwa ujinga wa kupindukia mtu kuamini kwamba Vithlani alikuwa mpiga debe wa kawaida tu anayelipwa vizuri. Vithlani alikana, alifunguliwa kesi Dar lakini alikuwa ameshaondoka nchini. Aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali wakati wa mkataba, mzee Chenge, alijiuzulu uwaziri Aprili 2008 baada ya kutajwa ana zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey, yeye akaziita vijisenti, neno likabaki mitaani mpaka leo. Alikanusha kwamba zinahusiana na rada na hakushtakiwa, hilo nalo tuliseme ili tusimwonee mtu.

Kilichoniuma zaidi ni vile hela zilivyorudi. Chenji ya rada mnaikumbuka? BAE walitakiwa watulipe pauni milioni 29.5, wakaanza kuzungusha, wanataka wazipitishe kwenye taasisi za misaada kana kwamba wanatupa sadaka, mpaka wabunge wetu wakafunga safari kwenda London kudai. 2012 zikaja, bilioni 72.3 za kwetu, bilioni 54.2 zikanunua vitabu vya shule za msingi na 18.1 madawati. Nashukuru kwa madawati. Ila ujumlishe mwenyewe, pauni milioni 28 zimetoka na mkopo juu yake na riba, 29.5 zimerudi zaidi ya miaka kumi baadae, na aliyekula katikati hajarudisha hata mia.

Na jambo moja ambalo watu hawalisemi. Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ilisaini na Thales ya Ufaransa rada NNE za kiraia, Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 60 na kitu. Kwa dola za wakati huo zote nne hazifiki bei ya ile moja ya zamani. Mkataba huu ulisainiwa mchana kweupe, kamera zipo, bei ikatangazwa kwenye taarifa ya habari. Najua teknolojia imeshuka bei na rada hazifanani, sio mjinga, lakini hebu tuambiwe ni adui gani alitushambulia kwa sababu alijua bei ya rada za Thales.

Hapo ndipo ninapotaka kumpeleka huyo ndugu. Nakubali kuna siri za jeshi. Tuna mizinga mingapi, imekaa wapi, masafa ya redio, ramani za maghala, hayo nisiambiwe na sitaki kuyajua. Lakini bei? Bei anaijua aliyeuza, anaijua wakala, inaijua benki iliyokopesha, inaijua serikali ya nchi iliyotoa kibali cha kuuza nje, na majasusi wa huyo adui tunayemwogopa wanaijua pia. Asiyejua ni mlipa kodi peke yake.

Watu wanadhani upigaji wa jeshini ni kitu cha ajabu cha kwenye sinema, wanaume wenye miwani myeusi. Hapana, ni mchezo ule ule wa tenda za kila siku, ila huko umefungiwa mlango. Niwape mfano wa mlango ulio wazi. Kuna wakati alinijia jamaa dukani na bahasha ya kaki, kijana nadhifu kabisa, anataka tani kadhaa za maharage kwa ajili ya taasisi moja, jina naliacha. Bei tukaelewana haraka. Mara akatoa mfukoni mihuri miwili ya maduka mengine, moja ya hayo nalifahamu lilishafungwa zamani mwenyewe akarudi zake Kasulu. Akanitaka kotesheni yangu niiandike kwa bei ya juu sio ile tuliyopatana, halafu yeye akaanza kujaza kotesheni nyingine mbili pale pale juu ya kaunta yangu, moja kwa kalamu ya bluu nyingine nyeusi, ya pili akaulaza mwandiko kidogo, bei zake kazipandisha kushinda yangu ili mimi ndio nionekane wa bei nafuu. Kotesheni tatu, mkono mmoja. Nikamuuliza sasa hiyo tofauti inaenda wapi, akasema mzee hiyo ni ya wakubwa, wewe si chako unapata. Nikamwambia poa ila risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nitatoa ya hela nitakayopokea mimi. Akakusanya mihuri yake, akaniaga kwa heshima zote, akaingia duka la jirani.

Hayo ni maharage jamani! Kitu ambacho mama yeyote sokoni anakutajia bei ya leo bila kufikiria, mkaguzi akitaka anaingia Mwanga na daftari lake dakika kumi ameshajua nani kadanganya. Sasa mpe yule yule kijana tenda ya mtambo unaotengenezwa na kampuni mbili tatu tu duniani, mzabuni ni mmoja hakuna wa kushindana nae, spea lazima zitoke kwake miaka ishirini, na karatasi zote zimepigwa muhuri wa siri. Atashindwa kuweka theluthi nzima ya wakala humo? Mbona ilishawekwa.

Wala sio sisi peke yetu. Uganda mwishoni mwa miaka ya 90 walinunua helikopta nne za Mi-24 kutoka Belarus, zikafika ni chakavu haziwezi kazi, ikabidi iundwe tume. Ukraine wako vitani kabisa, mabomu yanaanguka, lakini Januari 2023 waandishi wao walipogundua wizara ya ulinzi ina mkataba wa mayai ya askari kwa hryvnia 17 yai moja wakati dukani ni kama 7 walilitangaza, naibu waziri akaondoka na mwaka huo huo waziri mwenyewe akabadilishwa. Nchi iko vitani inaruhusu kuuliza bei ya yai, sisi tuna amani tunaambiwa tunyamaze.

Na ule ukimya unaambukiza. Polisi sio jeshi lakini nao walijifunza kujificha hapo hapo kwenye neno usalama. Mashine za alama za vidole, sakata la kampuni ya Lugumi, mkataba wa 2011 wa bilioni 37 kwa vituo 108, hela karibu yote ikalipwa, halafu hoja ya ukaguzi ilipofika kwenye PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, 2016 ikaonekana vituo vilivyofungwa mashine ni 14. Au ule wa vifaa vya zimamoto wa zaidi ya euro milioni 408 uliomng'oa waziri wa mambo ya ndani Januari 2020, mkataba wa zaidi ya trilioni moja ambao Bunge halikuuona. Bahati yetu huo ulishtukiwa kabla hela haijatoka.

Kwahiyo mimi naomba vitu vidogo tu. Bajeti ya wizara ya ulinzi sasa hivi imevuka trilioni 3 kwa mwaka na sehemu kubwa ya hela hiyo haihusiani na silaha, ni mishahara, chakula, sare, buti, magodoro, mafuta, dawa, saruji ya nyumba za askari. Sioni kwanini buti lisinunuliwe kwa bei inayoonekana na kila mtu kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kama zinavyonunuliwa karatasi za halmashauri, kwani adui akijua buti ni shilingi ngapi atafanya nini? Kwa silaha zenyewe sawa, wafunge mlango, lakini ndani ya huo mlango wakae kamati ya Bunge ya ulinzi pamoja na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wakiwa na mkataba wote mezani mpaka jina la wakala na asilimia yake, na wakala ambaye hakutajwa asilipwe na mtu yeyote, hata na muuzaji kwa hela ya muuzaji, maana hiyo hela ya muuzaji ni yetu tu imezunguka.

Makadirio ya wizara hiyo yanasomwa Dodoma kila Mei. Wabunge wa Kigoma, na wenzetu wa Tabora wenye brigedi ya jeshi ya Faru pale mjini kwao, naomba mmoja wenu tu asimame safari hii aulize buti la askari tunanunua shilingi ngapi na kwa nani. Akijibiwa ni siri, gazeti lako Mhariri liandike hivyo hivyo na jina la aliyejibu.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza nafaka, Mwanga, Kigoma