Kaka, kikombe chako kilipoa

Kaka,

Hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika hapa. Najua shangazi atakuonyesha.

Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, la mwaka 2026 limekwenda India na Sri Lanka bila sisi Uganda. Nafasi mbili za kufuzu Afrika zilichukuliwa na Namibia na Zimbabwe, Zimbabwe hao hao tuliowashinda Windhoek mwaka 2023. Nimelifuatilia hivyo hivyo. Mechi za India huangukia mchana kwetu, hakuna wa kuamshwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 2024 wewe ulikuwepo nyumbani. Saa nane na nusu, tunacheza na Papua New Guinea huko Guyana, ambako bado ni jioni. Baba amejifunga blanketi lake la jeshi, simu yangu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Akavuta kiti cha tatu. "Mwamshe mwenzako." Nikagonga mara tatu, ukajibu kutoka kitandani: "Juzi Afghanistan wamewatoa Uganda kwa mikimbio 58. Acheni watu walale."

Baba alisikia. Alisema tu, "Mwache, amechoka na safari." Kisha akamimina chai kwenye kikombe chako, akakifunika na sahani.

Hukumwona mrushaji wetu Frank Nsubuga, Kaka. Miaka 43, yule aliyeanza na timu ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997. Ova nne, yaani mipira 24, akawapa mikimbio 4 tu, akatoa wapigaji wawili, ndizo wiketi 2! Baba akawa anamwita "mzee mwenzangu". Papua New Guinea wakaishia 77. Na sisi tukaanza kuanguka, wiketi tano kwa mikimbio 26, Baba akanishika mkono mpaka ukauma. Mpigaji wetu Riazat Ali Shah akasimama pale, moja moja, hadi 33 zake. Tulipofika 78 Baba aliinuka bila fimbo. Ushindi wetu wa kwanza Kombe la Dunia, na macho yake yalikwenda kwenye mlango wako.

Baadaye tulipigwa, West Indies wakatutoa kwa 39, New Zealand kwa 40. Hizo uliniandikia ukicheka. Ile moja hukuuliza hata siku moja.

Mzazi akikuita usiku, amka. Nakuambia mimi mdogo wako, uliyenifundisha kushika gongo la kriketi kwa ubao wa sanduku nyuma ya kambi, ukanirushia mpira taratibu ili nisiogope. Sijasahau. Lakini matangani ulisimama ukawaambia watu hukuwahi kumwacha Baba peke yake. Ningenyamazaje? Wewe ungenyamaza? Sikukutukana. Nilisema kikombe kilipoa, basi. Shemeji alilia mbele ya wazazi wake, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini uongo sikusema.

Fundi anamaliza kaburi Jumamosi. Ukifika Jinja nipigie, nitakuja stendi kukuchukua, hata iwe saa nane usiku.