Kadi ya mashimo tisa nayo ni kadi

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie makatibu wa klabu za gofu, hasa wanaoshughulikia handikapu, yaani kile kipimo cha uwezo wa mchezaji. Sisi tunaocheza viwanja vifupi, vya mashimo tisa badala ya 18, tumechoka kutazamwa kama watu waliopanda matatu kwa nusu nauli. Majuzi nikiwa bara nilicheza jioni na mwenyeji wangu, tukahesabiana mikwaju kwa mujibu wa sheria, tukatia saini kadi ya matokeo. Karani alipoiona kadi akairudisha upande wangu wa meza. "Malizia kwanza tisa yaliyobaki, mzee, ndipo ulete." Nikamuuliza yaliyobaki yako wapi, maana uwanja wenyewe una mashimo tisa tu. Akacheka, nami nikacheka, lakini kadi haikuingia.

Karani simlaumu sana, pengine ndivyo alivyofundishwa. Ila sheria haisemi hivyo. Mfumo wa handikapu wa dunia, ulioanza mwaka 2020 chini ya R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu, unapokea matokeo ya mashimo tisa. Hapo mwanzo kadi ya namna hiyo iliwekwa kando mpaka upate nyingine ya tisa, ziunganishwe. Tangu 2024 hata hilo halipo: mfumo unachukua ulichocheza, unajumlisha na makadirio ya kile ambacho mtu wa handikapu yako angetarajiwa kupata katika tisa mengine, na hesabu ya mashimo 18 inatoka papo hapo. Unachodaiwa ni kucheza yote tisa, kufuata sheria, uwanja uwe umepimwa rasmi, na usicheze peke yako bila wa kukushuhudia. Sisi tuliyatimiza yote.

Najua hoja inayofuata: gofu halisi ni mashimo 18. Nani kasema? Pale St Andrews, Uskochi, walikuwa wakicheza 22 kwa raundi hadi 1764, walipoyaunganisha manne ya kwanza yakawa mawili. Kwa kuwa mashimo hayo yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikashuka hadi 18. Hakukuwa na ufunuo wowote. Mashindano ya kwanza ya The Open, yale makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka 1860 yalichezewa Prestwick, huko huko Uskochi, kwenye uwanja wa mashimo 12, wakauzunguka mara tatu siku hiyo hiyo. Uwanja wa Musselburgh, wenye mashimo tisa, uliyapokea mashindano hayo mara sita kati ya 1874 na 1889. Bingwa aliyepatikana pale hakuitwa nusu bingwa.

Na huku kwetu viwanja vya tisa si vichache. Nyeri, Nanyuki ambako mstari wa ikweta unapita, Moshi, Arusha Gymkhana, Jinja kule Uganda. (Wa Jinja ndio uliokuwa na ile kanuni maarufu kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuokota bila adhabu. Sijui mwenye mashimo 18 anaringa na nini mbele ya kanuni kama hiyo.) Wachezaji wengi wa miji hiyo hawana uwanja mwingine wa karibu. Ukiwakatalia kadi, umewafungia mlango.

Mimi ni wa Mombasa, na uwanja wetu wa kando ya barabara ya Mama Ngina, ulioanza mwaka 1911, una mashimo tisa vilevile. Anayedhani ufupi ni urahisi aje wakati wa kusi. Upepo unatoka baharini, unaubeba mpira uliokuwa umenyooka vizuri kabisa na kuupeleka unakotaka wenyewe. Ile fimbo uliyoizoea haifai tena. Unachukua iliyo nzito zaidi, unapiga nusu nguvu, mpira uende chini chini, na bado unaomba Mungu. Kwenye nyasi za kusukumia ndiko kwenye mtihani zaidi, kwa sababu macho yanakwambia kila kitu kinateremkia baharini, na si kweli. Hapo ndipo meli ya makontena inapoingia mlango wa Kilindini, kubwa kama mtaa mzima, na mwenzako anakwambia, "Piga bwana, hiyo haikusubiri wewe." Ukimaliza unarudi mwanzo, unauzunguka uwanja ule ule, na shimo lililokupa raha saa kumi linakutesa saa kumi na moja kwa sababu upepo umegeuka kidogo.

Lakini hoja yangu kubwa ni muda. Raundi ya 18 inakula saa nne na zaidi, na ukiongeza kufika, kusubiri na soda ya baadaye, siku imekwisha. Nani ana siku hiyo? Mwalimu hana, muuguzi wa zamu hana, na mama mwenye watoto wa shule ndiyo kabisa. Mashimo tisa yanataka saa mbili hivi. Ukitoka kazini saa kumi, jua likizama linakukuta unamaliza. Huyu ndiye mchezaji ambaye klabu zinalalamika kila mwaka kwamba haonekani, kisha akionekana anaambiwa kadi yake haifai.

Kuhusu makedi, wale wanaotubebea mabegi ya fimbo, nakiri suala ni gumu, kwani begi la mashimo tisa linalipa kidogo kuliko la 18. Kwa upande mwingine, jioni ambayo hakuna mtu uwanjani hailipi chochote.

Ombi langu kwa makatibu ni dogo. Bandikeni tangazo kwenye ubao karibu na mezani pa karani, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba kadi za mashimo tisa zinapokelewa siku zote. Wekeni ada ya jioni kwa wakazi wasio wanachama, mahali ambapo bado haipo. Na katika kalenda ya mashindano, tengeni walau Ijumaa moja ya mwezi kwa shindano la mashimo tisa lenye zawadi zake kamili na matokeo yanayoingizwa kwenye handikapu.

Kadi yangu ya bara bado ninayo, imesainiwa pande zote mbili. Klabu ile ikiihitaji, nitaituma.

Mchezaji wa jioni,
Kizingo, Mombasa