Usimlishe kila akipiga miayo

Sahibu yangu Hamadi,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima, hofu ni kwako na kwa huyo mgeni wako mwenye sura ya donge la udongo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilicheka peke yangu nilipofika pale unaposema ulikuwa unalitazama sifongo, mara sifongo likakugeuzia jicho. Ndivyo walivyo hao samaki chura. Wangu wa kwanza nilimtafuta siku nzima kwenye tangi, nikafikia hata kupekua nyuma ya chujio, kumbe yuko mbele ya pua yangu ametulia tuli kama jiwe.

Unauliza mambo matatu: mbona hali chochote, mbona rangi inamgeuka, na mbona anapiga miayo kutwa. Nianze na miayo, maana ndiyo iliyoniponza.

Huyo wa kwanza nilimwita Bonge. Alikuwa wa manjano, ana ukubwa wa kidole gumba. Kila nikikaribia kioo jioni, alikuwa anafungua kinywa polepole, taya likishuka mpaka naona koo lote jeupe. Nikasema maskini, njaa hiyo. Nikampa kamba mmoja. Kesho yake akapiga miayo tena, nikampa tena, na keshokutwa vivyo hivyo. Nilikuwa najiona mfugaji hodari, samaki wangu anakula vizuri kuliko mimi. Wiki ya tatu tumbo likatuna upande mmoja, akawa hawezi tena kushika jiwe kwa mapezi yake; kiuno kinainuka, kichwa kinashuka, kama mtu anayesinzia kwenye kiti kibovu. Sikuelewa. Siku mbili baadaye nilimkuta amelala ubavu, na nilipobadilisha maji hata harufu ikaniambia chakula kilikuwa kimemwozea ndani.

Miayo si ombi la chakula, Hamadi. Hutanua taya kama wewe unavyojinyoosha ukiamka. Pengine anataka kuhama pale alipo, pengine kuna kinachomsumbua. Na kwa vile ni samaki wa kuvizia, hakuumbwa kusema nimeshiba. Baharini hajui mlo unaofuata utapita lini, kwa hiyo chochote kikipita anakimeza, hata kiwe na urefu sawa na yeye mwenyewe. Ukimwachia yeye aamue, atajiua mbele ya macho yako akiwa na furaha zake.

Basi fanya hivi. Kama wako kapita sentimita 7 au 8, mlishe mara mbili kwa wiki, na tonge lisizidi nusu ya urefu wake. Akiwa mdogo kuliko hapo, mpe kidogo kidogo kila baada ya siku moja, maana wadogo hawana akiba mwilini. Tumbo likiwa bado limejaa siku uliyopanga kumlisha, ruka siku hiyo. Mimi naandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa tangi, la sivyo huruma inanishinda.

Sasa hilo la kwamba hali. Siku nne si kitu. Ametolewa baharini, akafungwa mfukoni, akasafirishwa, akakaa dukani penye mwanga na makelele, kisha akaletwa kwako. Mpunguzie taa, acha kugongagonga kioo, mpe jiwe lenye pango au matawi ambapo atakaa ubavu umefunikwa. Wengi wao mwanzoni hawatambui kama kitu kisichotembea ni chakula. Kwa hiyo anza na uduvi hai, au visamaki wadogo aina ya moli, ambao unaweza kuwazoesha maji ya chumvi kwa kuyaongeza kidogo kidogo ndani ya siku kadhaa. Hao nao uwalishe vizuri kabla hawajaliwa. Kisamaki mwenye tumbo tupu ni ganda tu. Ila usije ukamtupia samaki wa dhahabu wa maji baridi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mafuta yao si ya kumfaa samaki wa baharini, na wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mmoja wawili hawamuui, lakini mazoea yatamuua.

Akishakula hai mara tatu nne, mhamishie vilivyogandishwa: kipande cha kamba, cha ngisi, au kisamaki kizima cha baharini kilichoyeyushwa kabisa. Badilisha badilisha, usimlishe kitu kimoja mwaka mzima. Kichomeke kwenye ncha ya kijiti kirefu cha plastiki, kisiwe kikali. Usimsukumie usoni, hapo wengi tunakosea. Kipitishe mbele yake umbali wa kama kidole kimoja, kikitetemeka, kisimame, kitetemeke tena. Halafu tulia uone.

Nitakueleza ninavyomwona wangu wa sasa, uujue utaratibu. Kwanza jicho moja linazunguka, mwili hautikisiki. Kisha juu ya mdomo unanyanyuka ule ufito wake, ambao kwa asili ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni uliogeuka kuwa mshipi wa kuvulia. Nchani mwa ufito kuna chambo cha nyama. Kwa wa aina ya wangu kina umbo la kisamaki, na wapo wa aina nyingine ambao chambo chao ni kama mnyoo. Anakipunga mara mbili tatu, anakilaza, anakipunga tena. Wakati huohuo anasogea kwa kutembea, ndiyo, kwa kutembea, pezi la kulia mbele, la kushoto likifuata, kama paka anayenyatia. Halafu kamba hayupo. Hutaona alivyoondoka. Kinywa kinapanuka mpaka mara kumi na mbili ya nafasi yake ya kawaida, na tendo zima linachukua kama sekunde 0.006. Unachobaki nacho mkononi ni mtikiso mdogo kwenye kijiti na uso ulioshikwa na kiburi. Hata leo bado nashtuka.

Siku ukiona hicho chambo kimekatika, usihangaike, huota tena. Jiulize tu ni nani kakikata, na hapo naingia kwenye suala la majirani. Jibu langu ni kwamba asiwe nao. Mimi nilikuwa na kamba msafishaji mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, nikaambiwa kwamba samaki huwaheshimu hao kwa sababu huwaondolea wadudu. Bonge hakuwa amesikia habari hiyo. Samaki wakubwa nao wana balaa lao: vitatange watamdonoa ngozi wakidhani ni sifongo, kikande na bunju watamtafuna mapezi. Na samaki chura mwenzake usimwekee, hata wakilingana kimo, maana nimeshakwambia kulingana kimo si kinga.

Rangi sasa. Wasiwasi wako naujua, maana mimi huyu wa pili nilimnunua kwa ajili ya rangi yake ya manjano, na baada ya siku kama kumi akaanza kufifia, akawa mweupe mchafu kama nguo iliyofuliwa vibaya. Nikapima maji asubuhi, nikapima jioni, kila kitu sawasawa. Kumbe alikuwa amehamia ubavuni mwa sifongo jekundu. Kufikia mwisho wa wiki ya nne alikuwa mwekundu wa tofali, hadi vidoa vya pinki vya mwani unaogandamana na mawe amejichora. Hawageuki papo hapo kama pweza; kazi yao ni ya siku na majuma. Kwa hiyo ukimpenda wa manjano, mwekee kitu cha manjano karibu na pale anapopenda kukaa, na hata hivyo usiape kwamba atakutii. Mimi nimeshaacha kumpangia mavazi.

Cha kuogopa ni kingine. Ukiona utando mweupe wenye manyoya, jicho lililofunga ukungu, au anapumua haraka haraka, hapo pana ugonjwa au maji mabaya. Pumzi yake usiitafute shavuni ulikozoea kwa samaki wengine. Yeye anapumulia kwapani: nyuma ya pezi lile linalofanana na mkono kuna kitundu kidogo cha mviringo, ndimo maji yanamotokea. Mtazame akiwa ametulia uzoee mwendo wake, ndipo utajua ukibadilika. Akitaka kukimbia, hutoa maji kwa nguvu kwenye vitundu hivyo na kujirusha mbele. Hapendezi hata kidogo akiogelea, anafanana na soksi iliyotupwa, lakini anafika.

Kuhusu tangi lenyewe sina mengi. Kama ni yule mwenye vinundu, wanaomwita Antennarius maculatus, hazidi sana sentimita 15, na kwa uvivu wake lita 100 zinamtosha akiwa peke yake. Kama uliuziwa kitoto cha Antennarius commerson bila kuambiwa, jiandae, yule hupita sentimita 30. Joto liwe kati ya 24 na 26, uzito wa maji kwenye kipimo cha chumvi uwe 1.023 hadi 1.025, na amonia na naitraiti, zile sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, zote ziwe sifuri kabisa. Kama tangi halijamaliza wiki nne mpaka sita za kukomaa, yaani bakteria wa kuvunja uchafu bado hawajashika kwenye mawe, basi ulimnunua mapema, na itakubidi ubadilishe maji mara kwa mara mpaka lishike. Mlo mmoja wa huyu samaki ni mzito. Siku mbili baada ya kula atatoa kinyesi cha ajabu kwa mwili wake, na mara nyingine atatapika kile alichomeza. Kitoe mara moja kwa mpira wa kunyonyea, kisioze. Mdomo wa pampu uvishe sifongo, maana ana tabia ya kwenda kujibandika palepale penye mkondo.

Na hili nusura nilisahau. Ukitaka kumhamisha, usimnyanyue kwa wavu. Akiogopa hujijaza maji akatuna kama mpira, na akiwa nje ya maji atajijaza hewa, ambayo kuitoa ni shida, ataelea kichwa chini mpaka achoke. Zamisha chombo ndani ya tangi, mswage kwa mkono aingie mwenyewe akitembea, kisha umtoe pamoja na maji yake. Inachukua nusu saa kwa sababu anakataa kuharakishwa.

Usiku huu pima amonia, zima taa mapema, na usimpe kitu. Kesho jaribu uduvi mmoja, mmoja tu, halafu niandikie kama aliunyanyua ule ufito. Akiunyanyua hata bila kula, tumeshapona. Asipounyanyua mpaka Jumamosi, nieleze vipimo vya maji vyote, nitafikiria.

Mimi huku leo ni Jumanne, na kwenye karatasi yangu huyu wa tofali amepangiwa Alhamisi. Amekaa sentimita tano kutoka kwenye mkono wangu, upande wa pili wa kioo, na tangu nianze kuandika amenipigia miayo mara tatu.

Wako,
Salimu