Kwa Nahodha, kutoka Columbus, Marekani

Sahibu yangu Nahodha,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akageuka. Ati nimevuka bahari zote hizi kuja kutazama watu wazima wanapiga mpira kwa mchi? Cheka tu, lakini umeuliza na jibu lake ni refu. Sitakupa sheria za besiboli, maana ndiyo jina la mchezo wenyewe, najua utasinzia. Nitakupa habari za mtu mmoja tu, tena mtoto wa nahodha mwenzako.

Anaitwa Mariano Rivera, Mpanama. Kakulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi upande wa Pasifiki. Baba yake alikuwa nahodha wa chombo cha kuvua dagaa wa kusagwa kiwandani. Pwani kule watoto walicheza besiboli kama sisi na chandimu: glovu ya boksi la maziwa, mpira wa nyavu kuukuu uliozungushiwa utepe wa fundi umeme, fimbo ya tawi la mti. Mwenyewe alipenda zaidi soka, kifundo cha mguu kikamkatisha tamaa. Shule akaiacha ana miaka 16, akaingia chomboni kwa baba. Kazi hakuipenda hata kidogo. Alipofika miaka 19 chombo cha tani 120 kikaanza kupinduka, ikabidi wakikimbie. Hayo unayajua wewe kuliko mimi.

Sasa, kuna jambo moja lazima nikueleze. Kwenye besiboli mrushaji ndiye mchezo. Anasimama kwenye kichuguu katikati, mpigaji yuko mita 18 na nusu mbele yake, na mpaka yeye aurushe mpira hakuna kinachotokea uwanjani. Timu zinabadilishana zamu, tisa kwa kila upande. Kwa hiyo klabu zinawasaka warushaji tangu wakiwa vijana wadogo na kuwamwagia fedha.

Rivera hakuwa katika hao. Timu ya nyumbani, Panamá Oeste, ilikuwa ikimchezesha popote penye pengo. Herb Raybourn, msaka vipaji, alimwona mwaka 1988, akaona hamna kitu, akaenda zake. Mwaka uliofuata mrushaji wao akawa anachapwa vibaya katika mechi kubwa, wakamwita Rivera ashike nafasi yake. Hajawahi kurusha! Akarusha, na akarusha vizuri. Wenzake wawili ndio waliokwenda kumsemea kwa mtu wa klabu ya New York Yankees. Raybourn, naye wa klabu hiyo, alipopelekewa jina alishangaa: huyu si yule wa mwaka jana, tangu lini anarusha? Akaenda kumtazama hivyo hivyo. Kasi ya kawaida, ila mkono ulikuwa ukienda bila jasho, kama hafanyi kazi yoyote. Februari 1990 wakamsainisha kwa dola elfu mbili na ushee. Kwa biashara ile, hizo ni hela za nauli.

Akapelekwa Tampa, Florida, hajui neno la Kiingereza, kwenye ligi ya chini kabisa. Msimu ule akarusha zamu 52, na alama iliyoandikwa kuwa kosa lake ilikuwa moja. Moja, Nahodha! Siku ya mwisho wakampa mechi aianzishe mwenyewe ili atimize zamu za kuwania tuzo ya msimu, na katika zamu saba hakuna aliyepata pigo safi hata moja.

Ungedhani baada ya hapo wangemfungia kabatini kama dhahabu. Wapi! Mwaka 1992 kiwiko kikamsumbua, akapasuliwa. Mwaka huo huo ligi iliongeza timu mbili mpya, Colorado na Florida, nazo ziliruhusiwa kuchukua wachezaji wa klabu nyingine ambao hawajawekwa kwenye orodha ya kulindwa. Yankees hawakumweka. Alikuwa pale wazi, bure, yoyote kati ya hizo mbili ingeweza kumwokota. Hakuna aliyeinama.

Mei 1995 ndipo alipoingia ligi kuu, ana miaka 25, umri ambao kwa mrushaji tayari wanaanza kutazama saa. Mechi ya kwanza dhidi ya California Angels alifungwa alama tano kabla hajamaliza zamu ya nne. Juni wakamrudisha daraja la chini, siku moja na kijana mwingine aitwaye Derek Jeter, ambaye leo ukitaja jina lake New York watu wanasimama.

Daraja la chini lenyewe wakati huo lilikuwa timu ya mji huu ninaoishi, Columbus Clippers, na ndiyo sababu habari zake nimezishika. Mwisho wa Juni ile alirusha dhidi ya Rochester, na tochi, hii hii wanayotumia matrafiki, ikasoma maili 95 kwa saa, kama kilomita 153. Siku zote alikuwa kwenye 88 mpaka 90. Meneja mkuu wa Yankees, Gene Michael, alipoletewa namba hizo alidhani tochi imeharibika, akampigia mtu wa klabu nyingine aliyekuwepo uwanjani. Naye akasoma vile vile. Siku hizo Michael alikuwa katika mazungumzo ya kumtoa Rivera kwa Detroit ili ampate David Wells. Mazungumzo yakafa hapo hapo. Tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, Rivera akawarushia Chicago White Sox zamu nane bila alama, akawatoa wapigaji 11 bila wao kuuingiza mpira mchezoni.

Ile kasi ilitoka wapi? Mwenyewe ni mcha Mungu sana, anasema ni zawadi. Mimi sibishani naye, ingawa kiwiko kilichopasuliwa nacho kilikuwa kimepata muda wa kupona. Kinachonishangaza ni wakubwa. Baada ya yote hayo, mwanzoni mwa 1996, bado walikaa kikao kujadili kumpeleka Seattle wapewe Félix Fermín, mchezaji wa kawaida tu wa nafasi ile ile ya Jeter, kwa kuwa walimtilia shaka yule Jeter! Hawakumpeleka, na mwaka huo akarusha zamu 107 na ushee akisaidia timu kutwaa ubingwa wa dunia, kama wenyewe wanavyouita.

Mwaka 1997 akapewa kazi ya kufunga mechi, kuingia zamu ya mwisho timu inaongoza na kuulinda ushindi. Alianza vibaya, akaziachia mechi tatu kati ya sita za mwanzo. Halafu Juni, mjini Detroit, anarushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kupasha mwili tu, mpira ukaanza kukata kona dakika ya mwisho. Mendoza akanuna akidhani anachezewa. Rivera na kocha wake wakahangaika kuunyoosha, ukakataa, wakauacha ulivyo. Kwa mpira huo mmoja alivunja fimbo za watu, na mpaka alipostaafu mwaka 2013 alikuwa amefunga mechi 652, rekodi ya ligi nzima.

Nitakutumia video yake. Usitazame fimbo, tazama vidole viwili vya juu anapouachia.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Na yule pweza mkavu uliyeniahidi, nasikia kuna jirani yenu anakuja huku mwezi ujao. Mfunge kwa plastiki mara mbili, maana uwanja wa ndege wa hapa wana mbwa wasio na adabu.

Wako sahibu