Barua kwa mwanangu: Usijitoe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenikuta kazini, masijala ya mahakama, mikono imejaa vumbi la majalada. Eti wenzako wanataka uachie kiti cha jaji kwenye mahakama ya kuigiza kwa sababu kesi inahusu mwajiri aliyebagua wanawake, nawe ni mwanamke? Nimeumia, mama. Nikamkumbuka Constance Baker Motley, jaji mweusi wa Marekani.

Alizaliwa New Haven, Marekani, mwaka 1921. Baba yake, mhamiaji wa kisiwa cha Nevis, aliwapikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Ada ya chuo haikuwepo. Siku moja binti huyo alisimama mkutanoni akasema kwa nini watu weusi hawaji kwenye kituo cha jamii walichojengewa: uongozi wote ni wa Wazungu. Tajiri aliyekigharamia kituo hicho alikuwemo ukumbini, anasikia. Badala ya kununa, akamsomesha hadi akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946.

Alifanya kazi na Thurgood Marshall, wakili mtetezi wa haki za watu weusi, akamwakilisha kijana mweusi James Meredith hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi, kilichokuwa cha Wazungu tu, mwaka 1962. Mahakama ya Juu alisimamia kesi 10, akashinda 9. Rais Johnson alipomteua jaji wa shirikisho mwaka 1966, seneta mmoja wa Mississippi alimwekea vikwazo kwa miezi saba. Akapita, mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1975 alikuwa na kesi ya mawakili wanawake walioishtaki kampuni kubwa ya mawakili ya New York kwa ubaguzi. Upande wa kampuni ukamtaka ajitoe: ni mwanamke, ni mweusi, ametetea waliobaguliwa, atapendelea. Maombi ya kujitoa nimeyapokea miaka 22 dirishani kwangu. Hakimu ni shemeji wa mdaiwa, hakimu anamdai mlalamikaji. Hizo ni sababu. Motley alijibu kwamba kila jaji wa mahakama ile ana jinsia na ana rangi. Kama hilo linatosha kumwondoa, hakuna ambaye angeweza kuisikiliza. Akabaki. Na wanaume, mwanangu, nani aliwahi kuwauliza?

Waambie hivyo Ijumaa, kwa adabu, ukiwa umeketi kwenye kiti chako. Upindo wa koti lako jeusi umefumuka mkono wa kushoto. Upige sindano kabla hujalivaa.

Mama yako