Bangi, morfini na mirungi: tusome majedwali ya sheria kwa uangalifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua kila ninaposoma maoni ya wasomaji kuhusu bangi. Wapo wanaoandika kwamba bangi haiwezi kuwa na faida yoyote ya kitabibu kwa sababu sheria imeipiga marufuku, na wapo wanaowajibu kwamba Umoja wa Mataifa umekwisha kuitoa katika orodha ya dawa hatari, kwa hiyo haina madhara. Pande zote mbili zinachukua mpangilio uliowekwa na sheria kwa ajili ya udhibiti na kuusoma kana kwamba ni uamuzi wa kitabibu. Nimefanya kazi ya ufamasia kwa miaka mingi, na nimeona usomaji wa namna hiyo ukiwaumiza wagonjwa.

Habari ya Umoja wa Mataifa inatokana na kura iliyopigwa tarehe 2 Desemba 2020, pale Tume ya Dawa za Kulevya ya umoja huo ilipojadili pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Nchi 27 ziliunga mkono, 25 zilipinga na moja haikuegemea upande wowote. Kilichoamuliwa ni kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne, yaani mojawapo ya orodha za dawa zinazodhibitiwa, la Mkataba wa mwaka 1961 wa kimataifa kuhusu dawa za kulevya. Katika mkataba huo, dawa yoyote iliyomo katika Jedwali la Nne imo pia katika Jedwali la Kwanza. Kuwekwa katika la Nne ni nyongeza inayoeleza kwamba dawa hiyo ina hatari za pekee na kwamba manufaa yake ya tiba hayalingani na hatari hizo. Bangi ilivuliwa nyongeza hiyo, ikabaki katika Jedwali la Kwanza pamoja na kokeini, morfini na methadoni (dawa inayotumika kutibu uraibu wa heroini), na nchi zilizoridhia mkataba bado zinawajibika kuidhibiti na kuiruhusu kwa ajili ya tiba na utafiti pekee. Msomaji anayechanganyikiwa hapa hana lawama, kwa sababu Mkataba wa mwaka 1971, unaohusu dawa nyingine zinazoathiri akili, umeyapanga majedwali yake kwa namna tofauti: humo Jedwali la Kwanza ndilo kali kuliko yote na la Nne ndilo jepesi.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba majedwali haya yana historia ya kisiasa. Bangi iliingizwa katika udhibiti wa kimataifa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1925, katika mkutano ulioitishwa hasa kwa ajili ya afyuni, baada ya mjumbe wa Misri kushinikiza iongezwe.

Daktari hupanga dawa hizi kwa njia nyingine, yaani kwa kutazama zinavyofanya kazi katika ubongo. Kuna vichangamshi, kama kokeini. Kuna vipumbaza, kama heroini na pombe. Na kuna vileta njozi. Bangi haikai vizuri katika kundi lolote, kwa kuwa kemikali yake kuu, THC, yaweza kumchangamsha mtu, kumlegeza au kumletea njozi, kutegemea kiasi alichotumia na hali yake mwenyewe. Katika toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, matatizo yatokanayo na vilevi yamepewa alama kuanzia F10 hadi F19. Ya kwanza kabisa, F10, ni pombe. Bangi ni F12, na tumbaku ni F17. Daktari anayetibu uraibu anafungua sura moja tu ya kitabu chake kwa mlevi wa pombe inayouzwa kwa leseni na kwa kijana aliyekamatwa na misokoto ya bangi.

Naomba nikae kidogo kwenye morfini, kwa sababu hapo ndipo madhara ya kuchanganya mambo haya yanapoonekana waziwazi. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali hupewa morfini ya maji, anywe kila baada ya saa nne, na kipimo cha kabla ya kulala huongezwa maradufu ili maumivu yasimwamshe usiku wa manane. Hupewa pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga choo. Nimemwona binti wa mgonjwa akiirudisha chupa kwenye dirisha la dawa ikiwa haijafunguliwa, kwa sababu jirani alimwambia kwamba kilichomo ni ndugu wa heroini na kwamba mama yake atakufa akiwa teja. Kuhusu huo undugu jirani alikuwa sahihi, kwani heroini hutengenezwa kutokana na morfini. Lakini mama yule alikuwa akilia kwa maumivu nyumbani, na mkataba uleule wa 1961 unaoidhibiti morfini unatamka katika dibaji yake kwamba matumizi ya dawa hizi kwa kutuliza maumivu hayaepukiki, na kwamba lazima zipatikane kwa ajili hiyo. Wenzetu wa Uganda walilielewa hilo mapema: tangu mwaka 2004 sheria yao imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa makali, kuandika morfini. Hapa kwetu, tangu mwaka 2011, waraibu wa heroini wamekuwa wakipewa methadoni pale Muhimbili, wakiinywa kila siku mbele ya mhudumu. Methadoni nayo imo katika Jedwali la Kwanza, na imewarudisha watu wengi kwenye kazi na familia zao.

Mfano mwingine uko mpakani. Mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, na mkulima anayeipanda katika milima ya Same anaweza kufungwa. Ng'ambo ya mpaka, huko Meru, mmea uleule unaitwa miraa na ni zao halali ambalo serikali ya Kenya inalitafutia masoko. Majani hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa kwa haraka, kwa sababu kemikali inayochangamsha, kathinoni, hupungua nguvu kadiri majani yanavyokauka. Kathinoni yenyewe imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa 1971, ilhali mmea unaoitoa haumo katika jedwali lolote la kimataifa, na mwaka 2006 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliona kwamba hakuna sababu ya kutosha ya kuuweka humo. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014 ingawa baraza lake la ushauri lilikuwa limependekeza usipigwe marufuku. Serikali ina haki ya kuamua hivyo kwa kutazama familia zinazoharibika na vijana wanaokesha wakitafuna. Mwili wa mtafunaji, hata hivyo, haubadiliki anapovuka Namanga.

Sijaandika barua hii ili bangi ihalalishwe. Uvutaji wa bangi unaoanza utotoni unahusishwa na maradhi makali ya akili, na uraibu wake upo, hata kama vijiwe vyetu vinaukana. Zipo dawa zinazotokana na mmea huo ambazo zimethibitishwa: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto, na THC iliyotengenezwa maabara imekuwa ikitumika tangu mwaka 1985 kuzuia kichefuchefu kwa wanaotibiwa saratani. Dawa hizo zina kipimo kinachojulikana na mtengenezaji anayewajibika. Msokoto hauna kimojawapo kati ya hivyo, na mzazi anayemnywesha mwanawe mwenye kifafa maji ya bangi iliyochemshwa hajui amempa nini wala kiasi gani.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wako anapotaja jedwali lolote aseme ni la mkataba gani au la sheria ya nchi gani, kwa maana hata Jedwali la Kwanza la Marekani, ambalo vijana wetu hulinukuu sana mtandaoni, si lile la Umoja wa Mataifa. Morfini haimo katika hilo la Marekani. Aeleze pia iwapo anazungumzia adhabu, madhara au tiba. Na pale gazeti linapoandika juu ya kukamatwa kwa dawa za kulevya zinazotumika pia hospitalini, sentensi moja iwekwe katika habari hiyohiyo, kuwaeleza wenye wagonjwa kwamba morfini waliyoandikiwa na daktari ni halali na wasiache kuitumia.

Mfamasia mstaafu,
Tanga.